Kasha la Memsabu Hilda

Niapie kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, mimi mwenyewe nimeshawaambia wanne tangu asubuhi.

Enzi za Mwingereza, kijijini kwetu Uzaramo alikuja Memsabu Hilda kukusanya vitu vya makumbusho ya kwao. Kila alipopiga hodi, kitu kilipotea: leo kitana, kesho kigoda cha jumbe. Yeye akaapa kasha lake lina nguo tu.

Karibu na kuondoka akamwendea kungwi wetu, Bi Mwamtoro, akidai mwanahiti, yule mtoto wa mti anayebebwa na mwali.

"Usiponipa, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atamchukua kwa nguvu."

"Nguvu za nini, memsabu? Kubali kuchezwa unyago, umbebe mwenyewe. Ila mwali akitolewa nje hasemi neno. Akisema, anamrudisha mwanahiti."

"Rahisi hivyo!" Akamwalika hata Bwana Shauri aje kupiga picha.

Siku ikafika. Memsabu akatolewa kavaa kaniki, kapakwa mafuta anang'aa kama samaki, mwanahiti mkononi. Vigelegele! Bi Mwamtoro akamvua ufunguo wa kasha shingoni.

"Jamani, desturi ni desturi! Mwali akitoka, vitu vya kasha lake huinuliwa kimoja kimoja, wageni wavione."

Akafungua, akainua kigoda.

"Changu hicho!" akaruka jumbe, aliyekuwa amekaa mkekani kando ya Bwana Shauri.

"Rudisha! Funga kasha!" akapiga kelele Memsabu.

"Ala! Mwali kasema," akasema Bi Mwamtoro, akamchukua mwanahiti wake, na jumbe kishakalia kigoda.