Banda Lililopimwa kwa Mkono wa Sikudhani

Mtu mmoja, jina lake Mbwilo, alikuwa na sungura sita. Hakuwafuga kwa kitoweo, aliwapenda tu. Banda lao lilipendeza machoni, limepakwa rangi, ila lilikwenda ndani sana, mlango wake ulikuwa mdogo, na sakafu yake ya mbao ilipigiliwa misumari. Aliyelisafisha ni mjane mmoja mfupi, Sikudhani, mama wa watoto wanne. Mkono wake wa kulia ulivunjika zamani ukaunga vibaya.

Kila asubuhi alisugua mpaka bega likachubuka mlangoni, na kila asubuhi kona ya nyuma ilimshinda. Mkojo ukatuama huko. Sungura wakaota vidonda miguuni, mmoja akafa. Mbwilo akaingiza mkono wake mwenyewe, naye ni pande la mtu, akaigusa kona bila shida. Basi akaona amepata jibu: mama huyu ni mvivu. Akamwambia kwamba akifa sungura mwingine, atafute kazi kwingine. Msimcheke Mbwilo, ndugu zangu. Wengi wetu tumehukumu vivyo hivyo na tukalala usingizi mzuri.

Hata hivyo alimwita seremala, Ngwatu, amjengee banda jipya, kubwa zaidi na refu zaidi kwenda ndani. Ngwatu alisikiliza vipimo vyote, kisha akauliza ni nani anayesafisha. Akaonyeshwa. Akamwomba Sikudhani anyooshe mkono ule mbovu kadiri unavyoweza, akaupima kwa kamba toka begani hadi kwenye ncha ya vidole, akafunga fundo. Mama wa watu aliona haya. Hakuna aliyewahi kuutazama mkono ule ila kwa kuulaumu.

Banda lilipokuja lilikuwa refu ubavuni, lakini halikuzidi lile fundo kwenda ndani. Upande wote wa mbele ulifunguka. Sakafu ilikuwa ya fito laini zilizoachana kidogo, uchafu ukaangukia kwenye trei ya bati inayovutwa nje, na palikuwa na ubao mkavu wa kupumzishia miguu. Mbwilo akakunja uso, akasema hakuagiza hivi.

Ngwatu akamjibu, "Bwana, sungura wako watapata raha pale tu mkono wa mama huyu unapofika."

Mbwilo akawahamishia sungura wake humo. Asubuhi iliyofuata Sikudhani alifika kona zote nne, akakausha, akamwaga trei, na jua lilikuwa bado halijapanda. Akakaa chini akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu, akamwombea Ngwatu kwa jina. Vidonda vya sungura vikapona, na watoto wanne wakaendelea kula.

Nawe uliyeiweza kazi yako leo, ukadhani ni kwa nguvu zako, umeshamshukuru Mungu aliyekupima kwanza ndipo akakukabidhi kazi hiyo?