Fundo la Mgongo wa Paa

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hizo, kama mmenyimwa chakula? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa najua mpo.

Hapo zamani za kale, huko milimani Kwezumba, ukungu ulikuwa na mdomo, na usingizi ulikuwa kitu cha kuvuja. Ndiyo, kuvuja! Nyumba ikiwa na paa bovu, mvua iliingia na usingizi ulitoka. Ulipanda taratibu, ukapita kwenye tundu, ukungu ukaumeza. Na mtu aliyekosa usingizi alikuwa mwepesi. Leo anatembea bila kuacha unyayo. Kesho vidole vyake vinagusa ardhi kwa shida. Keshokutwa ukungu unamwita kwa jina, naye anaitika, na hamumwoni tena.

Kwa hiyo mafundi wa kuezeka waliheshimiwa kuliko majumbe. Wote walikuwa wa ukoo mmoja, nao walikuwa na mwiko wao: wakifika kufunga fundo la mgongo wa paa, pale juu pande mbili zinapokutana, walijifunika kaniki ili mtu wa nje asione. Zamani mambo yalikwenda. Lakini watu walizaana, nyumba zikachipuka kama uyoga, na ukoo ule ukapungua mpaka akabaki mtu mmoja, Shembilu, mwenye mikono mizuri na maneno makali. Asubuhi yuko juu ya paa, mchana yuko juu ya paa, jioni yuko juu ya paa.

Bondeni aliishi Nakijwa na mwanawe Mbonea, ambaye hata meno alikuwa hajaota. Paa lao lilikuwa limefumuka. Nakijwa akambeba mtoto, akaenda kusimama chini ya ngazi ya Shembilu, akaimba:

"Fundi, fundi, teremka,
paa langu liko wazi,
usingizi wa mwanangu waondoka."

"Zamu yako bado!" Shembilu akajibu kutoka ndani ya kaniki.

Nakijwa akarudi mara ya pili. Mtoto alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Akaimba:

"Fundi, fundi, teremka,
paa langu liko wazi,
usingizi wa mwanangu waondoka."

"Zamu yako bado, mama! Kwani mimi nina mikono mingapi?"

Akarudi mara ya tatu. Safari hii mtoto hakuwa mgongoni. Alikuwa akielea juu ya kichwa cha mama yake, amefungwa kwa kanga, na ukungu ulikuwa ukinong'ona, "Mbonea... Mbonea..." Mtoto anacheka, anaunyoshea mikono! Nakijwa hakuimba. Alilia tu.

Shembilu akateremka. Alikuwa mkali, lakini hakuwa na moyo wa jiwe. Akabeba nyasi na kamba, wakaenda.

Akaezeka upande huu, akaezeka upande ule, akafika mgongoni, akajifunika kaniki. Akafunga, fundo likalegea. Akafunga tena, likalegea. Mara ya tatu likalegea, na kanga ya Nakijwa ikaanza kuchanika.

Mnana, yule ndege fundi wa kusuka viota, alikuwa mtini hapo jirani. Akacheka. "Fundi, unacheza kujificha humo ndani?"

"Nyamaza! Hili ni fundo la watu wawili. Mmoja avute huku, mwingine akaze kule. Na ndugu zangu wameisha."

"Na yale mapaa yote uliyofunga peke yako?"

Ndani ya kaniki mikono ikaachia kamba.

"Yanavuja," Shembilu akasema kwa sauti ndogo. "Yote yanavuja. Watu wanaamka wamechoka, wanadhani ni kazi za shamba."

"Mimi nasuka kila mtu akiniona," mnana akasema, "na mti huu umejaa viota. Huyo mama hapo chini ana mikono miwili."

Ninyi mnaona rahisi kwa sababu mmekaa mnaota moto. Mwenzenu mwiko wa babu zake uko kichwani, na mtoto wa watu yuko angani! Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kisha akaivua kaniki, akaitupa chini.

"Nakijwa! Panda!"

"Mimi, baba? Mimi si wa ukoo wenu."

"Panda, mwanangu, kabla kanga haijakatika!"

Nakijwa akapanda, mtoto akielea nyuma yake.

"Pitisha kamba chini. Irudishe juu. Sasa kanyaga hapo, vuta!" Akavuta. "Vuta!" Akavuta. "Vuta!" Fundo likakaza, paa likazibika.

Nakijwa akashuka, akamwingiza mtoto ndani. Ukungu ukaita mara moja tu, kwa uvivu, ukaondoka zake. Mbonea akapiga mwayo, akashuka taratibu, akatua kifuani kwa mama yake. Akawa mzito. Nakijwa alikaa na uzito ule mikononi, hakutaka hata kuuweka kitandani.

Kesho yake Shembilu akapiga mbiu: anayetaka kujifunza kuezeka aje, awe wa ukoo wowote, wake kwa waume. Akaja Nakijwa, wakaja wachunga mbuzi, wakaja wafinyanzi, akaja hata nyani, ingawa nyani alifuata ndizi tu. Shembilu akajenga paa chini kabisa, lisilo na nyumba, wakawa wanafunga na kufungua, wanafunga na kufungua. Naye anafoka: "Hilo ni fundo au mkia wa panya?"

Mawingu ya masika yalipoanza kukaa mlimani, wanafunzi wakaanza na nyumba ya mwalimu wao, ambayo paa lake lilikuwa bovu kuliko yote, hata mwenyewe alikuwa haachi tena unyayo. Shembilu alisimama chini akikosoa hili na lile, mpaka fundo la mwisho lilipokaza. Hapo akapiga mwayo katikati ya neno, akaingia ndani.

Asubuhi wakaja na ngazi zao wamuulize waanzie nyumba ipi. Wakamsikia anakoroma. Mmoja akainua mkono abishe hodi, Nakijwa akaushika. Wakatazamana. Kisha wakabeba ngazi zao, wakaenda kuanza kazi wenyewe.

Na hadithi yangu imejilaza hapo. Mkitoka, tembeeni polepole.