Seva ya Mzee Mwakipesile

Hii nimeletewa asubuhi na mapema, nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Ukishacheka, mpelekee mtu mmoja mwenye funguo nyingi.

Huko Tukuyu palikuwa na Mzee Mwakipesile, aliyetunza stoo ya kiwanda cha chai miaka thelathini bila kupoteza hata msumari. Alipostaafu akakosa cha kutunza. Basi akachukua kompyuta kuukuu, akaiweka chini ya televisheni, akaiunganisha na intaneti ya nyumbani, ikawa seva. Picha, nyimbo za kwaya, hati za shamba, vyote vikakaa humo, na kila mtu wa nyumbani akawa anavifungua kwa simu yake.

Lakini mtunza stoo ni mtunza stoo! Kuangalia, ruksa. Kuweka kitu, marufuku. Mwenye kitu akilete kwake, kiandikwe daftarini, asaini. Nani ana muda huo? Hakuja mtu.

Jubilei ya miaka arobaini ya ndoa yake ikakaribia. Binti yake Tusekile akamwambia, "Baba, Jumamosi nataka picha ya harusi yenu ionekane kwenye televisheni, wageni wote waione. Iko wapi?"

"Ipo. Mimi sipotezi kitu," akajibu mzee, huku moyo ukimlipuka paa! Maana albamu ile aliifungia mwenyewe sandukuni kwa kufuli, asiiguse mtu, na mchwa wakaila yote bila haraka. Miaka tisa alikuwa hajathubutu kumwambia mkewe. Kila alipomwona Mama Tusekile akijipima gauni la jubilei, aliinamisha uso kwa aibu.

Alhamisi, Tusekile akaomba ruhusa ya kuweka ratiba ya sherehe kwenye seva. Mzee, mawazo yote yakiwa kwa mchwa, akabonyeza bila miwani. Badala ya kumruhusu binti yake tu, akawaruhusu watu wote kuweka chochote.

Ijumaa asubuhi akakuta mafaili mapya mia mbili.

"Mama yangu! Stoo imevamiwa! Nafuta yote!"

"Hebu subiri, Baba Tusekile," mkewe akamshika mkono. "Mgeni humfukuzi kabla hujamwona sura. Fungua kwanza."

Akafungua kwa hasira. Kulikuwa na mbuzi aliyevalishwa kofia. Kulikuwa na mahubiri ya saa nzima. Halafu ikatokea picha ya kijana mwembamba ndani ya koti la kuazima, na bibi harusi anayecheka na keki mdomoni.

Mzee akavaa miwani, akaisogelea.

"Nani kaiweka hii?"

"Mimi," akasema mkewe. "Dada yangu wa Mbeya alikuwa na nakala. Niliipiga picha kwa simu tangu Pasaka, nikataka uikute humo iwe zawadi yako. Mara tatu nimejaribu kuiweka, seva yako inanijibu: huna ruhusa. Ningekuomba, ungenitolea daftari nisaini! Jana jioni nikajaribu tena, ikakubali."

"Kwa hiyo... mchwa..."

"Mchwa wako nawajua miaka yote tisa. Unadhani nani alifagia lile sanduku?"

"Na ukaninyamazia?"

"Ulikuwa na aibu nyingi mwenyewe, nikuongezee ya nini?"

Mzee Mwakipesile akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamkumbatia mkewe mbele ya Tusekile aliyekuwa amekuja kuona kuna nini, jambo ambalo binti huyo hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Tusekile akapiga kigelegele hapohapo, hakusubiri Jumamosi.

Funzo: Kufuli linalomzuia mwizi humzuia pia aliyekuja na zawadi. Linda vitu vyako, lakini wapendwa wako waachie mlango wazi.