Kioo cha Bwana Kidulile

Bwana Kidulile, mwenye duka kubwa la kompyuta pale Njombe, alimwambia Sekela, fundi aliyeunda na kuuza kompyuta zake mwenyewe kwenye baraza la duka hilo: "Shule ikinunua za kwangu, kesho unanihama hapa barazani."

Ofisini kwa mkuu wa shule, Mama Mgaya, Kidulile aliweka mezani kompyuta nyembamba, kila kitu kimo nyuma ya kioo. Ya Sekela ilikuwa boksi, na kioo chake pembeni. Bei ilikuwa moja.

"Oneni hilo debe!" alicheka Kidulile.

"Tuzijaribu basi, bosi," akasema Sekela. "Kila mmoja aondoe kitu kimoja kwa mwenzake. Itakayoendelea kufanya kazi ndiyo inunuliwe. Anza wewe. Ila chondechonde, kioo changu usikiguse, nitaadhirika!"

Kidulile alikinyakua kioo hichohicho, akakipakata kama mtoto. "Haya, dada'angu, zamu yako."

"Nami nichukue kioo tu."

"Wewe! Ukichukua kioo si umebeba mashine nzima?"

Mama Mgaya akavua miwani. "Kwa hiyo kioo kikipasuka, nanunua mashine nyingine?"

Kidulile akakiinua kioo alichopakata. "Lakini hata yeye hana kioo sasa!"

Sekela akatoa mkobani waya aliokuja nao kutoka nyumbani, akaunganisha boksi lake na televisheni iliyoning'inia nyuma ya Kidulile. Picha ikajaa ukuta.

"Hicho kioo, bosi," akasema, "utaniletea kesho, palepale barazani."