Dakika Kumi za Kumwogesha Baba

Kanda la usufi hata lijae pomoni halilemei bega. Ndivyo unavyoonekana mzigo wa mtu mwingine kwa anayeutazama akiwa ameketi.

Fundi cherehani alikuwa na mwaka wa tatu akimuuguza baba yake, mwashi mstaafu aliyepooza upande mmoja. Kaka yake, afisa mipango, alifika kila Jumamosi kunywa chai na kutoa ushauri. Safari hii alikuja na mpango wa kuwatunza wazee majumbani, ambao ungepitishwa Jumatatu. Fundi aliupokea kwa hamu. Mhudumu akipatikana, yeye angerudi kwenye cherehani yake.

Alisoma, uso ukamkunjamana.

"Kaka, mhudumu mmoja kwa wazee ishirini? Kuogesha, dakika kumi?"

"Zinatosha, dada. Wazee wanaongezeka, wahudumu ni walewale."

"Zinamtosha mzee gani? Mwenye bafu la maji moto, au huyu wa ghorofa ya tatu, maji tunapanda nayo kwa ndoo?"

"Wewe nawe kwa kulalamika. Mzee mmoja tu, tena hata hali chakula kingi."

Fundi alimrushia taulo. "Haya, mwogeshe. Mgongo wangu si wa chuma. Naenda kujinyoosha."

Afisa alipanda ngazi na ndoo mbili, akafika anahema kama mvukuto. Baba alikuwa mzito kama gogo lililolowa. Akimgeuza huku, mkono uliopooza unabaki kule. Akiushika mkono, sabuni inateleza chini ya kitanda. Maji yakapoa, akashuka tena.

"Mwanangu," baba alisema polepole, ulimi ukimwia mzito, "unaniosha au unapaka ukuta chokaa?"

"Vumilia, baba. Namalizia."

"Ulisema hivyo ukiwa mgongoni. Sasa uko mgongoni tena."

Saa nzima ilipita. Shati la afisa lilikuwa chapachapa, na shuka bado halijabadilishwa. Aliketi sakafuni, akakata ile kumi ya kwenye mpango kwa kalamu, akaandika sitini.

"Wahudumu watahitajika mara sita," alinung'unika. "Wakubwa watanicheka Jumatatu."

"Waalike Jumamosi ijayo," dada yake alijibu kutoka chumba cha pili. "Taulo zipo."

Afisa aliinuka kwa kujikongoja, akashuka kufuata ndoo nyingine, na kila ngazi ikamthibitishia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka uubebe mwenyewe.