Mguu Mkavu wa Pikipiki ya Mwalimu

Wazee wa Mbaga husema: "Mguu uvujao una mafuta, mkavu ufungue." Methali hiyo mmeisikia leo msibani mkauliza inatoka wapi, maana hamkuona mguu wowote unaovuja. Basi ilianzia kwenye pikipiki.

Mwalimu Mbwambo alipofariki aliacha mabinti wawili na pikipiki kuukuu aliyoiendesha tangu ujana wake. Naelijwa, mdogo, alilia mpaka sauti ikamkauka. Wanawake walikaa naye, wakamnywesha uji, wakamshika mkono kila alipoinuka. Namsifu, mkubwa, hakutoa chozi. Ndiye aliyepokea wageni na kusimamia vyungu. Watu wakasema huyu amejikaza kwelikweli, wakamwongezea kazi.

Wiki ya tatu Namsifu aliisukuma ile pikipiki hadi kwa mjomba wake, Eliamani, aliyekuwa fundi wa pikipiki. Alitaka kuteremka nayo mlimani hadi mjini Same kumtafuta mwashi wa kujengea kaburi, lakini kila akishika breki, mbele kulizama na kugonga.

Eliamani aliibana breki ya mbele, akaukandamiza usukani kwa uzito wake wote, akauachia. Ulipaswa kupanda taratibu, huu uliruka-ruka. Akapitisha kitambaa kwenye zile shokapu mbili za mbele, ambazo mafundi huziita miguu. Wa kulia ulikuwa umelowa mafuta. Wa kushoto ulikuwa mkavu, unang'aa.

Namsifu alimwomba abadilishe sili ya kulia tu, yaani ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, kwani mguu wa kushoto ulionekana mzima na yeye alikuwa na haraka. Mjomba hakubishana naye. Alifungua skrubu ya chini ya mguu wa kulia. Mafuta meusi yakajaza karibu kikombe kizima. Akafungua na wa kushoto. Yalidondoka matone matatu, basi.

"Huu ulivuja zamani," alisema, "ukavuja mpaka ukaisha. Kwa kuwa ulikauka, hakuna aliyeufungua. Ungeteremka nao kwenye zile kona, ungekutupa korongoni."

Namsifu aliyatazama yale matone. Eliamani aliinua macho ili amweleze habari ya sili mpya, na ndipo alipoona jinsi mifupa ya mabega ilivyomtokeza, gauni likimning'inia kama la kuazima. Alimpenda mtoto huyu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na kwa wiki tatu hakuwa amemuuliza lolote ila sahani ziko wapi.

"Mwanangu, mara ya mwisho umekula lini?"

Namsifu alifikiri. Hakukumbuka. Alifungua kinywa ajibu, kikatoka kilio, akaketi palepale chini kwenye madoa ya mafuta.

Mjomba hakumnyamazisha. Alituma mtu amwite Naelijwa, ingawa ndugu waliogopa kwamba huyo mliaji angeuanza msiba upya. Naelijwa alikuja na chupa ya uji, akamlaza dada yake mapajani, akamnywesha kidogo kidogo.

"Lia, dada," alimwambia. "Leo zamu yako. Mimi nipo."

Safari ya Same iliahirishwa. Kesho yake Eliamani alitia sili mpya, na mafuta ya kipimo kimoja kwenye miguu yote miwili. Tangu hapo, kila alipoingia nyumba yenye msiba, alimpa pole anayelia, kisha akaenda jikoni kumtafuta asiyelia. Walipomuuliza sababu, alijibu, "Mguu uvujao una mafuta, mkavu ufungue."