Mti Uliobebwa Mgongoni

Sogeeni karibu, nisikilizeni polepole, maana mwisho wa habari hii mimi sina. Mwisho mtautoa ninyi.

Huko milima ya Usambara walikuwapo ndugu watatu wa tumbo moja, na kila mmoja Mwenyezi Mungu alimpa chake. Sauda, dada mkubwa, alipewa macho: sindano ikipotea majanini, aliitwa yeye. Kiondo alipewa mkono wa kuotesha: hata kokwa alilolitema njiani lilichipua. Zawadia, kitinda mimba, alipewa vidole: alishona nguo iliyochanika, usijue ilichanika wapi.

Mama yao, Bi Hadia, alikuwa na mplamsi, mti wa plamu, wa mapambo mbele ya mlango. Kila mwisho wa baridi, kabla ya jani hata moja kutoka, mti ulijaa maua ya waridi, kisha yakafuata majani ya zambarau. Matunda haukuzaa. Bi Hadia aliumwagilia maji, akautandazia majani ya mgomba shinani, akaupogoa maua yakishapukutika.

Jirani yake, Bi Mkunde, alimtania: "Wewe Hadia, mti usiozaa unaulisha wa nini?"

"Tumbo lako limeshiba, shoga. Macho yangu bado."

Bi Hadia akafa. Wakamzika hapo hapo uwanjani, karibu na mti wake.

Asubuhi ya kisomo cha arobaini mumewe, Mzee Singano, alikwenda kuswali alfajiri, na mvua ilikuwa haijakatika. Alipotoka msikitini, mlima ulikuwa umeteremka. Nyumba hakuna. Mti hakuna. Kaburi hakuna. Tope tupu mpaka bondeni.

Mzee hakulia. Aliwageukia wanawe, waliokuja mbio kutoka makwao, akauliza, "Mama yenu yuko wapi?"

Watu walisimama wameshika vichwa.

Ndipo Sauda akaona doa la zambarau katikati ya tope, mahali ambapo wote walikuwa wametazama wasione kitu. Akaingia. Tope lilikuwa bado linatembea.

"Sauda! Una wazimu? Rudi!" Bi Mkunde alipiga kelele.

Tope lilimfika kifuani. Alipotolewa kwa kamba, mkononi alikuwa na kijitawi kimoja. Alikikwaruza kwa ukucha. "Bado kibichi," akasema, meno yakigongana.

Lakini tawi lisilo na mzizi litaishi vipi? Kiondo alikuwa na mpichi mmoja tu, ambao ndio kwanza ulikuwa umeshika matunda kwenye uwanja wake wa mawe. Mpichi na mplamsi ni ndugu, hukubaliana. Alikwenda akaukata kwa panga usawa wa goti. Mapichi mabichi yakatawanyika chini.

Mkewe alishika mdomo. "Baba Shani! Si ungetuambia kwanza?"

"Ningewaambia, nisingekata."

Sasa kilibaki kitu cha kufungia. Kamba ya katani ilichubua gome. Uzi ulikata. Zawadia alichonga kijitawi, akakiingiza kwenye shina, akakishikilia kwa vidole huku utomvu ukimkaukia. Kisha akavua kanga mabegani. Wote waliijua. Ndiyo iliyokuwa mbeleko ya wote watatu, na ndiyo peke yake iliyosalia ya marehemu, kwa kuwa Zawadia alikuwa ameivaa asubuhi ile.

"Zawadia, usifanye hivyo," Sauda alimsihi.

Kanga ikalia chwaa! Wanawake wakaruka kama waliochapwa. Zawadia akafunga, akabana, na hakumtazama mtu.

Mzee Singano akahamia chumba cha wasafiri msikitini. Mbali na swala, hakusema neno. Baridi ya mwaka uliofuata ilipokaribia kwisha, walimshika mkono wakampeleka kwa Kiondo. Juu ya shina la mpichi, maua ya waridi yalikuwa yamejaa. Mzee aliyagusa kwa ncha za vidole.

"Kumbe yupo," akasema.

Wote wakalia. Halafu mzee akasema neno lililowakausha machozi: "Kwa mwenye mti huu ndiko nitakakoishi, na kando yake nitazikwa. Ni wa nani?"

"Wangu, Baba," alisema Sauda. "Mtoto niliyemtoa topeni ni nani kama si huyu?"

"Dada, kuunganisha miti si huitwa kubebesha?" alijibu Kiondo. "Basi aliyebeba ni mimi. Mgongo ni wangu."

"Na mbeleko?" aliuliza Zawadia. "Bila mbeleko mtoto anakaa mgongoni?"

"Mzee, utakaa kwa zamu," Bi Mkunde alijaribu kuwapatanisha.

"Mimi si sufuria ya kuazimana," alisema mzee.

Wakamwendea imamu. Imamu akawaombea dua, akawarudisha bila hukumu.

Mti wa namna hii ukiwa mchanga huhamishwa kabla haujatoa majani, na vichipukizi vimeanza kuvimba. Sauda amechimba shimo kwake. Zawadia amechimba kwake. Kiondo ameketi kando ya shina na jembe lake magotini. Mzee Singano amekwisha kufunga mkeka wake, yuko mlangoni pa msikiti, fimbo mkononi, anauliza, "Haya wanangu, nielekee wapi?"

Ninyi mlionisikiliza, mjibuni. Mngemwelekeza kwa nani?